Besi ya Bei Nafuu Hukaguliwa Shingoni

Anayetaka kununua gitaa la besi kwa mara ya kwanza huuliza maswali mawili: bei gani, na kampuni gani. Mwandishi wa makala haya amepiga besi kwa ridhaa kwenye kwaya na bendi za mtaani Dar es Salaam kwa muda mrefu, hata ndugu, majirani na wanakwaya wamezoea kumwomba awasindikize dukani, na maswali hayo mawili hayajawahi kukosekana njiani. Habari ya shingo haulizi mtu. Nayo shingo ndiyo sehemu ambayo, ikiwa mbovu kwenye gitaa la bei ndogo, fundi hana la kufanya ila gharama ipite thamani ya gitaa lenyewe.

Mengine yote yana dawa. Funguo za kukazia nyuzi zikilegea, zinafunguliwa skrubu na kuwekwa nyingine. Nobu ya sauti ikikwaruza, inapuliziwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Pikapu nazo (hapa si magari, ni zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi) huuzwa peke yake, na fundi redio yeyote mwenye pasi ya kulehemu anaweza kuzibadilisha kabla chai haijapoa. Lakini shingo iliyojisokota itabaki imejisokota.

Besi aliyojifunzia mwandishi ilikuwa mali ya kanisa. Ilikaa kwenye chumba cha nyuma pamoja na viti vilivyovunjika na mapambo ya Krismasi, nyuzi zake zimeshika kutu, na nafasi kati ya nyuzi na ubao ilitosha kupitisha penseli. Vijana walioanza naye mmoja mmoja walihamia kwenye kinanda au wakarudi kuimba, wakisema besi inataka vidole vya mpasua mawe. Kisha ukatokea msiba, na kati ya waombolezaji alikuwamo mzee mmoja aliyewahi kupiga solo kwenye bendi ya dansi. Mzee aliichukua ile besi, akafumba jicho moja na kuitazama kuanzia kichwani hadi kwenye bodi kama seremala anayechagua mbao, akaomba spana ndogo ya alenki. Akazungusha robo mzunguko. Akasubiri, akatazama tena, akazungusha robo nyingine. Halafu akashusha vile vidaraja vidogo vinavyobeba nyuzi, kimoja kimoja. Besi ile ile iliyowashinda vijana ikawa inapigwa na mtoto wa shule ya msingi, na hakuna kilichonunuliwa.

Alichokuwa anazungusha mzee ni nondo. Ndani ya shingo ya gitaa la besi hupita chuma chembamba kinachopambana na nyuzi, maana nyuzi nne zikishakazwa huivuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70. Nondo huvuta upande wa pili. Mbao nazo hazitulii: hunyonya unyevu wa pwani, hukauka zikipelekwa bara. Besi iliyokuwa laini Temeke inaweza kufika Iringa ikiwa na freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza ubao wa shingo, zinazochoma kiganja pembeni, kwa sababu ubao umesinyaa ilhali chuma hakisinyai. Kwa hiyo besi ngumu dukani si lazima iwe besi mbovu. Pengine haijaguswa na mtu tangu itolewe kwenye boksi. Kazi ya mnunuzi ni kujua ni ugumu upi wa spana na ni upi usio na tiba.

Kwamba kuna besi ya bei ndogo inayofaa kupigwa si bahati. Chanzo chake ni ubunifu wenyewe. Leo Fender alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na hakujua kupiga gitaa. Kabla yake mpiga besi alibeba lile gitaa kubwa la kusimama, refu kumzidi mwenyewe, ambalo halikusikika vizuri penye ngoma na tarumbeta. Paul Tutmarc wa Seattle alikuwa amekwisha kujaribu besi ya umeme yenye freti katika miaka ya 1930, ila haikushika soko. Precision Bass ya Fender ilitoka mwaka 1951, nayo ilishika, kwa kuwa mtu huyu alifikiri kifundi redio: bodi ni ubao mzito uliokatwa kwa mashine, shingo imefungwa kwa skrubu nne, kinachoharibika kinang’olewa na kuwekwa kingine. Kitu kilichobuniwa kiwe rahisi kutengeneza kiwandani ni rahisi pia kuigwa kiwandani. Wajapani waliiga kwa ustadi katika miaka ya 1970, hata mwaka 1982 kampuni ya Fender yenyewe ikaanza kuuza magitaa yaliyotengenezwa Japani kwa jina la Squier. Kazi ikahamia Korea, China na Indonesia. Yamaha za TRBX na Ibanez za GSR ambazo mpigaji wa ridhaa huzitamani leo hutoka Indonesia.

Precision ya kwanza iliuzwa karibu dola 200, fedha ambazo kwa thamani ya sasa zinazidi dola 2,000. Leo dola 200 hadi 300 kwa bei za Marekani ndipo zilipo Squier Sonic, Ibanez GSR200 na Yamaha TRBX174. Zikifika Kariakoo huwa zimekwisha kubeba nauli, ushuru na faida ya muuzaji. Kwa maoni ya mwandishi, ubishi wa vijiweni kuhusu ipi bora kati ya hizo tatu ni wa kupitishia muda. Tofauti kati ya kampuni na kampuni katika bei hiyo ni ndogo kuliko tofauti inayoweza kuwapo kati ya besi mbili za modeli moja zilizotundikwa ukutani bega kwa bega.

Hilo alilishuhudia alipompeleka mpwa wake, binti anayesomea uuguzi na anayepiga besi kwenye kwaya ya vijana. Katika duka moja la Kariakoo zilikuwapo besi mbili pacha, moja nyeusi, moja nyekundu iliyoiva.

“Mjomba, hiyo nyekundu,” alisema binti hata kabla hajavuka kizingiti.

“Umechagua vizuri dada, hiyo ndiyo yenyewe,” muuzaji alidakia, kitambaa cha vumbi tayari mkononi.

Mjomba aliomba zote mbili. Akamwambia mpwa wake abane uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, na ule ule kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa kulia, halafu atazame katikati, karibu na freti ya saba. Uzi uliobanwa hivyo unakuwa rula. Panatakiwa pawe na upenyo mdogo, unene wa vocha ya kukwangua. Kwenye nyeusi vocha ingepita na nyingine tatu juu yake. Ingawa ilionekana kasoro kubwa, alijua ni kazi ya spana. Kwenye nyekundu upenyo ulikuwa sawasawa chini ya uzi mnene, lakini walipopima uzi mwembamba pakawa pana zaidi ya mara mbili. Binti akainua besi, akaitazama kutoka kichwani. Upande mmoja wa shingo ulikuwa umenyooka, wa pili umebonyea. Nondo hurekebisha upinde wa shingo nzima. Upande mmoja ukikataa, haina msaada.

Baada ya hapo ilibaki kazi ya kuchosha, nayo haina njia ya mkato: kupiga kila freti ya kila uzi. Freti 22, nyuzi nne. Anayepiga husikiliza uzi unaokwaruza kwenye freti ya mbele, na sauti inayozimika ghafla wakati jirani zake zinaendelea kuimba. Duka la jirani lilikuwa linapiga muziki kwa nguvu zote, hivyo mwandishi akamwonyesha binti ujanja wa zamani wa wapiga besi: gusisha taya kwenye pembe ya juu ya bodi. Mtetemo huingia kwenye mfupa, na besi ambayo haijachomekwa popote husikika kichwani hata katikati ya Kariakoo. Muuzaji alimtazama binti aliyeegemeza shavu kwenye gitaa macho yakiwa yamefumbwa, akauliza kama anaumwa. Kwenye uzi mwembamba, karibu na freti ya tano, sauti ilikufa mapema kidogo kuliko nyingine. Hilo halikuwatisha, kwa sababu besi nyingi za mtindo wa Fender zina doa hilo, zikiwamo za bei kubwa.

La mwisho lilikuwa freti ya 12, ambayo ni nusu ya urefu wa uzi. Unagusa uzi hapo juu bila kuukandamiza, inatoka sauti nyembamba. Kisha unaukandamiza pale pale na kupiga. Sauti mbili lazima zilingane, na programu ya simu ya kupimia nyuzi inatosha kuwa shahidi. Uliokandamizwa ukipanda juu, kidaraja kinarudishwa nyuma, mbali na shingo, mradi skrubu yake bado ina nafasi ya kurudi. Nafasi ilikuwapo. Nyeusi ikanunuliwa, na alenki ikazungushwa robo kwa robo sebuleni jioni hiyo hiyo.

Kuna kipimo kingine ambacho hakuna fundi anayeweza kumpimia mtu: mkono wake. Precision ya kawaida ina shingo yenye upana wa karibu milimita 42 pale nyuzi zinapoanzia. Jazz Bass, ambayo Fender aliitoa mwaka 1960, ina milimita 38, na tofauti hiyo ndogo hubadilisha kabisa hali ya kiganja kidogo. Urefu wa uzi kwenye zote mbili ni inchi 34, yaani sentimita 86. Zipo besi fupi za inchi 30, na kuna watu huzicheka kwamba ni za watoto. Wangemcheka Paul McCartney. Mwaka 1961, akiwa Hamburg na bendi ambayo haikuwa na jina kubwa bado, alinunua Höfner 500/1 yenye urefu huo kwa pauni 30 hivi, kwa sababu Fender ingemgharimu kama pauni 100 na hakuwa nazo. Yeye anatumia mkono wa kushoto, na bodi ya Höfner, yenye umbo linalolingana pande zote mbili, haikuonekana kituko ikigeuzwa. Besi hiyo ya maskini ndiyo iliyosikika kwenye rekodi za mwanzo za Beatles. Iliibwa London mwaka 1972, na habari za kurudishwa kwake mwaka 2024 zilizunguka dunia nzima.

Kwa upande wa pili yupo James Jamerson wa Motown, aliyepiga Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi bapa nzito zilizoinuka juu sana, alizokuwa habadilishi, na mkono wake wa kulia ulitumia kidole kimoja. Wapo vijana wanaomtaja Jamerson kutetea besi ngumu walizouziwa. Jamerson alianza na gitaa kubwa la kusimama na vidole vyake vilikuwa vimekwisha kukomaa. Mtu anayerudi kazini saa moja usiku na kupata nusu saa ya mazoezi anahitaji besi isiyomfukuza.

Kwenye mambo ya umeme wauzaji wana mengi ya kusema, na mwandishi hujaribu kuyapita haraka. Besi za betri, zenye kikuza sauti ndani ya bodi, zilipata umaarufu kwa StingRay ya Music Man ya mwaka 1976, na kweli zina nguvu na nobu nyingi za kuchezea. Lakini betri hiyo ya volti 9 huliwa muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata besi ikiwa imeegemezwa ukutani. Mpigaji mwenye mazoea ya kusahau kuchomoa baada ya mazoezi iko siku hujikuta Jumapili, katikati ya wimbo wa sadaka, akipiga besi isiyotoa ila mkoromo. Isiyo na betri inamtosha anayeanza.

Jambo moja la umeme linastahili kuangaliwa kwa karibu, hasa kwa anayepiga kwenye majengo yetu ambamo waya wa ethi mara nyingi umekatwa au haukufika kabisa ardhini. Pikapu ya Precision tangu mwaka 1957 imegawanywa vipande viwili vilivyounganishwa kwa namna ambayo mngurumo wa umeme wa kimoja hufuta wa mwenzake. Jazz Bass ina pikapu mbili zinazofutana ngurumo zikiwa zimefunguliwa sawa. Ukishusha moja, nyuki wanaingia kanisani. Kwaya ya mpwa inapiga kwenye ukumbi wa aina hiyo. Besi nyeusi ina pikapu za aina zote mbili, na binti amegundua mwenyewe ni ipi asiyopaswa kuiacha peke yake.

Nyuzi nne au tano? Vijana wa kusifu na kuabudu husisitiza tano, kwa sababu nyimbo wanazoziiga hushuka chini sana. Uzi wa tano hutetemeka mara 31 kwa sekunde, na kwenye besi ya bei ndogo ya inchi 34 mara nyingi hulegea na kutoa mvumo usio na umbo. Spika nyingi za ukumbini hazifiki huko hata hivyo. Uzi wa nne, wenye mitetemo 41, tayari unazitoa jasho. Mwenye mashaka asikilize tena Sina Makosa ya Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978, na amfuate Tom Malanga kwenye besi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Au amsikilize Suleiman Mwanyiro wa Mlimani Park, ambaye mashabiki walimwita Computer. Kinachowashika watu pale ni mahali noti inapoangukia na mahali mpigaji anaponyamaza. Nyuzi nne zilitosha kuinua ukumbi mzima.

Fedha inayookolewa kwenye uzi wa tano na betri ina kazi nyingine: amplifaya. Wengi hutumia fedha yote kwenye gitaa, kisha wanachomeka besi kwenye sabufa ya sebuleni, kwenye tundu lile la kuingizia muziki wa simu. Sauti inatoka hafifu, imezibwa, kwa sababu umeme wa besi isiyo na betri ni mdogo mno kwa tundu hilo. Mtu anafungua sauti yote. Hapo akipiga uzi mnene kwa nguvu mara moja, koni ya spika inarushwa mpaka mwisho wake, na muziki wa nyumba nzima unaingia mkwaruzo usiotoka. Amplifaya ndogo ya besi ya wati 15 hadi 25 inatosha chumbani. Usiku, kikuza sauti kidogo cha kuchomeka hedifoni kinalinda ujirani mwema. Penye ngoma hizo mbili hazifui dafu, na ndiyo maana kanisani besi hupitishwa kwenye boksi la DI hadi kwenye mikisa.

Na nyuzi. Seti ya nyuzi nne ya kawaida, iliyoandikwa 45 hadi 105, hugharimu dola 20 au zaidi, na kwa mwanafunzi wa uuguzi hiyo si fedha ya kuchezea. Mpwa alifundishwa njia ya wapiga besi wasio na kitu: kuzifungua, kuzichemsha dakika chache kwenye sufuria, kuzifuta na kuzikausha kabisa kabla ya kuzirudisha. Maji ya moto hutoa mafuta na uchafu wa vidole uliojazana kati ya mizunguko ya waya, na ung’avu unarudi kwa siku kadhaa, pengine wiki. Mama yake alihoji kwa nini sufuria ya maharage inanuka chuma. Sasa ipo sufuria ya besi.

Besi za mtumba zinahitaji makala yake, lakini neno moja litoshe. Jina lililo kichwani mwa gitaa ni stika, na stika huuzwa. “Fender” inayouzwa kwa bei ya Squier kwa maelezo kwamba mwenye mali anasafiri kesho ikaguliwe kama ambavyo isiyo na jina ingekaguliwa, na bei izungumzwe kwa kile kilichoonekana shingoni.

Kamati ya kwaya ya vijana nayo imepata hamu. Iliagiza ankara ya awali, ikaletewa ya besi ya nyuzi tano, yenye betri, rangi ya dhahabu, bila amplifaya. Mwandishi aliombwa maoni, akaandika nusu ukurasa: nyuzi nne, isiyo na betri, fedha isitoke kabla ya mpigaji mwenyewe kwenda dukani kuishika, na kinachobaki kigawanywe kati ya amplifaya, seti mbili za nyuzi na begi lenye sponji nene. Mweka hazina alifurahi alipoona jumla haijapanda. Mwenyekiti alisoma hadi mwisho, akageuza karatasi kuona kama kuna nyuma, akauliza mbona rangi haikutajwa, wakati sare za kwaya zimeshashonwa za zambarau. Kikao kiliahirishwa kwenye hoja hiyo.